Namna ya Kusimamia Usalama wa Visima vya Hifadhi ya Gesi Asilia Ardhini

Tarehe 23 Oktoba 2015, wafanyakazi wa hifadhi ya gesi ya Aliso Canyon, kwenye vilima vya kaskazini mwa jiji la Los Angeles, waligundua kwamba gesi ilikuwa inafuka kutoka ardhini karibu na kisima kiitwacho SS-25. Kukiziba kulichukua karibu miezi minne. Kufikia Februari 2016, takriban tani 100,000 za methani zilikuwa zimeingia hewani, familia zaidi ya 8,000 za Porter Ranch na maeneo ya jirani zilikuwa zimehama nyumba zao, wanafunzi wa shule mbili walikuwa wamepelekwa kusomea kwingine, na wakazi wengi walikuwa wamelalamikia maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kutokwa na damu puani. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuzuia jambo kama hilo lisitokee: mkaguzi, mtunga kanuni, mhandisi wa mamlaka ya udhibiti, na pia mkazi anayetaka kujua aulize nini siku ya mkutano wa hadhara. Mifano yote ni ya Marekani, nchi yenye hifadhi za aina hii takriban 400 na visima kama 17,000, ambayo kanuni zake za sasa zimetokana na ajali zilizochunguzwa kwa kina.

Kabla ya kushika kanuni yoyote, ni lazima uelewe kwa nini kisima cha hifadhi ni hatari kwa namna yake. Kisima cha kuzalisha gesi huzeeka huku presha ya mwamba ikipungua, kwa hiyo chuma kinapochoka, mzigo nao umeshapungua. Kisima cha hifadhi huzeeka huku presha ikirudishwa juu kila mwaka: gesi hushindiliwa ardhini wakati matumizi ni madogo, kisha huvutwa wakati wa baridi watu wanapohitaji kupasha nyumba joto. Kwa kuwa hifadhi nyingi za Marekani ni mashamba ya mafuta au gesi yaliyokwisha, visima vingi havikuchimbwa kwa kazi hii. SS-25 kilichimbwa miaka ya 1953 na 1954 kutafuta mafuta, na kiligeuzwa kuwa cha hifadhi mwaka 1973. Hifadhi nyingine ziko kwenye miamba iliyokuwa na maji na kwenye mapango yaliyoyeyushwa ndani ya chumvi, na kila aina ina hatari zake.

Anza na mamlaka yako mwenyewe

Hatua ya kwanza ya mdhibiti ni kuhakikisha kwamba sheria inamtambua, tena kwa kila kisima kilichoko kwenye eneo lake. Jimbo la Kansas lilijifunza hili kwa uchungu. Januari 2001, gesi iliyotoroka kutoka hifadhi ya Yaggy ilisafiri chini ya ardhi takriban kilomita 11 hadi mji wa Hutchinson, ikalipua majengo katikati ya mji, na siku iliyofuata mlipuko mwingine ukaua watu wawili katika makazi ya nyumba za kuhamishika. Kansas ikatunga kanuni kali. Hata hivyo, mwaka 2010 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba jimbo halina uwezo wa kusimamia hifadhi zinazohudumia biashara ya gesi kati ya majimbo, na wakati huo serikali ya shirikisho haikuwa na kanuni yoyote kuhusu visima hivyo. Kwa miaka kadhaa visima vile havikuwa na mkaguzi. Pengo hilo lilizibwa tu baada ya Aliso Canyon, pale Bunge lilipopitisha Sheria ya PIPES ya Juni 2016 na kuiagiza PHMSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama wa mabomba na vitu hatari, iweke viwango vya chini kwa nchi nzima. Kanuni ya muda ilitoka Desemba 2016, na ya kudumu Februari 2020.

Kwa hiyo andika orodha ya visima vyote, na mbele ya kila kimoja uandike nani anakikagua, kwa kifungu gani cha sheria, na nani anaweza kuamuru kifungwe leo hii. Ukikuta mstari usio na jibu, peleka suala hilo kwa wanasheria kabla hujakanyaga kwenye kisima.

Dai jalada la kila kisima

Mwendeshaji akileta ripoti ya hifadhi nzima, ipokee, kisha uombe jalada la kisima kimoja kimoja. Jalada lionyeshe mwaka wa kuchimbwa, kina cha kila bomba, unene wa chuma chake, saruji ilifika wapi, ukarabati wote uliofanyika, na kila uvujaji uliowahi kutokea pamoja na chanzo chake. Neno "chanzo" ndilo la kukaziwa. Wachunguzi wa kampuni ya Blade Energy Partners, katika ripoti yao ya Mei 2019, waliona kwamba kabla ya SS-25 palikuwa na matukio zaidi ya 60 ya kuvuja kwa mabomba ya ukuta (yale makubwa yanayoshikizwa na saruji kwenye mwamba) katika Aliso Canyon, na kampuni iliyoendesha hifadhi hiyo haikuwa imechunguza ni kwa nini yaliharibika. Kila tundu lilizibwa, kazi ikaendelea. Mimi naamini kwamba kama mdhibiti angekuwa na desturi ya kukataa ripoti ya ukarabati isiyotaja chanzo, kutu iliyokuwa ikila bomba la SS-25 ingejulikana mapema.

Kuta mbili, kila moja ipimike peke yake

Hiki ndicho kiini cha kazi yote. Kisima huwa na bomba kubwa la ukuta lililoshikizwa na saruji kwenye mwamba, na ndani yake bomba jembamba la kupitishia gesi. Ikiwa gesi inapita kwenye bomba la ndani peke yake, na chini kuna kiziba kinachokaza nafasi iliyobaki kati ya mabomba hayo mawili, basi bomba la ndani likitoboka, ukuta unabaki kuizuia gesi, na mwendeshaji anaona presha ikipanda kwenye nafasi hiyo kabla ya madhara. SS-25 hakikuwa hivyo. Ili kupata gesi nyingi kwa haraka, iliachwa ipite kote kuwili, kwenye bomba la ndani na kwenye nafasi ya pembeni, hivyo bomba la ukuta la inchi 7 likawa ndicho kizuizi pekee kati ya presha ya hifadhi na udongo. Vali ya usalama ya chini ya ardhi ilikuwa imeondolewa mwaka 1979 na haikurudishwa.

Bomba hilo lilipasukia kwenye kina cha futi 892, yaani karibu mita 272. Maji ya ardhini yalikuwa yameingia kati yake na bomba jingine la nje linalolizunguka, sehemu ambayo haikuwa na saruji, na bakteria wakakila chuma kwa nje. Yeyote aliyesimama juu asingeona chochote.

California, kwa kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2018, imepiga marufuku hali hiyo: hitilafu moja katika sehemu yoyote ya kisima isiweze kuitoa gesi nje. Kanuni za shirikisho zinaegemea zaidi viwango vya taasisi ya petroli, API, vyenye namba 1170 kwa mapango ya chumvi na 1171 kwa mashamba yaliyokwisha na miamba ya maji. Unapoandika kanuni yako, fuata mkondo wa California. Waendeshaji watasema kwamba kupitisha gesi kwenye bomba la ndani tu kunapunguza kiasi kinachoweza kutolewa siku ya baridi kali, na wanasema kweli; upungufu huo ufidiwe kwa visima vingine, usifidiwe kwa kuondoa ukuta wa pili.

Tofautisha kipimo cha uvujaji na kipimo cha uchakavu

Hapa ndipo wakaguzi wengi hupotea. Kipimo cha joto hushushwa kisimani kutafuta mahali penye ubaridi usio wa kawaida, kwa sababu gesi inayotanuka ikipita kwenye tundu hupoa. Kipimo cha sauti husikiliza mlio wa gesi hiyo hiyo. Vyote ni vizuri na vinapaswa kufanywa kila mwaka. Lakini vinaona tundu likishakuwapo. SS-25 kilikuwa kikipimwa hivyo mwaka hadi mwaka, nacho kilifaulu hadi siku kilipopasuka. Kinachoonyesha chuma kinavyokonda ni kipimo cha unene wa ukuta, kinachotumia sumaku au mawimbi ya sauti, ambacho kwa kawaida hudai bomba la ndani ling'olewe kwanza kwa mtambo mkubwa. Ni kazi ya gharama, ndiyo maana huahirishwa. Mwaka 1988 waraka wa ndani wa kampuni ulipendekeza kupima visima 20 vya Aliso Canyon kwa njia hiyo. Vilipimwa 7, na SS-25 hakikuwamo. California sasa inadai kipimo cha unene na cha presha kila baada ya miezi 24, isipokuwa pale mdhibiti alipokubali ratiba nyingine kwa ushahidi.

Kipimo cha tatu hakihitaji mtambo: ni geji iliyoko kwenye kichwa cha kisima, inayosoma presha ya nafasi kati ya mabomba. Tuseme umefika asubuhi ukakuta inasoma presha ambayo wiki iliyopita haikuwapo. Usiandike namba ukaondoka. Gesi ya moto iliyoshindiliwa jana huweza kupasha kimiminika kilichofungiwa mle na kukitanua, presha ikapanda pasipo tundu lolote. Mwambie fundi afungue vali taratibu mpaka presha ishuke hadi sifuri, uangalie kinachotoka ni maji au gesi, kisha vali ifungwe nawe ubaki pale. Ikitulia kwenye sifuri huku kisima kikiendelea na kazi ile ile, huenda lilikuwa joto. Ikipanda tena ndani ya saa chache, kuna njia ambamo gesi inapita, na kisima kisimamishwe mpaka njia hiyo ijulikane. Andika saa ya kufunga vali na usomaji wa kila dakika 15. Karatasi hiyo ndiyo utakayoishika siku mwendeshaji atakapokuambia kwamba presha ni ya kawaida.

Panga foleni, weka tarehe

Visima vyote haviwezi kupimwa mwezi mmoja. Kanuni ya PHMSA ya 2020 ilitaka asilimia 40 ya visima, kwa kuanza na vile vya hatari kubwa zaidi, viwe vimefanyiwa tathmini ya kwanza kufikia Machi 2024, na vilivyobaki kufikia Machi 2027. Hatari ipangwe kwa umri, kina cha saruji, historia ya kutu, presha, na umbali kutoka kwenye nyumba. Binafsi ningeanza na umbali kutoka kwenye nyumba.

Foleni hiyo iingize pia visima vya wengine. Huko Hutchinson, gesi ilitoka kwenye bomba lililoharibika la kisima kimoja, ikasambaa kwenye tabaka la mwamba, kisha ikapanda juu kupitia visima vya zamani vya kuchimbia chumvi vilivyotelekezwa, vingine vikiwa chini ya majengo pasipo mtu kujua. Tafuta ramani za kale, ulize wazee wa eneo, na mtake mwendeshaji aoneshe namna kila tundu la zamani lilivyozibwa.

Mpango wa siku mbaya

Kila kisima kiwe na mpango wake wa kukabwa, yaani wa kuzuia gesi kwa kumimina kimiminika kizito kisimani, uliokokotolewa kabla ya ajali: uzito wa kimiminika kitakachomiminwa, kasi ya pampu, na mahali mtambo utakaposimama. Katika SS-25 majaribio saba ya kukikaba kwa kumimina kimiminika kutoka juu yalishindwa, na wachunguzi walisema hesabu sahihi za mtiririko hazikufanywa. Kisima cha msaada, yaani kinachochimbwa pembeni ili kukifikia kile kinachovuja kwa chini, ambacho ndicho hatimaye kilichofanikiwa, kilianza kuchimbwa Desemba 4, wiki sita baada ya gesi kuonekana. Katika kanuni yako, taja saa ambazo zikipita bila mafanikio maandalizi ya kisima cha msaada yaanze, hata kama juhudi za juu zinaendelea.

Taarifa nayo iwe na saa. Kanuni za shirikisho zinataka kituo cha taifa cha dharura kiarifiwe ndani ya saa moja tangu tukio kuthibitishwa. Mwaka 2016 kampuni iliyoendesha Aliso Canyon haikupinga shtaka la kushindwa kutoa taarifa mara moja. Pamoja na kituo cha dharura, iandike orodha ya shule, zahanati na nyumba za wazee zilizoko upande ambao upepo huelekea, weka namba ya simu ya mtu mmoja wa kupokea taarifa katika kila sehemu, na wewe mkaguzi uzipigie namba hizo mara moja kila baada ya miezi 6, ili ujue ni zipi bado zinapokelewa.