Tumia risiti ya dukani kufundishia asilimia

Mwalimu anayefundisha asilimia anaweza kukiweka kando kitabu kwa kipindi kimoja na kuwaomba wanafunzi waje na risiti za manunuzi ya nyumbani, zile zinazotolewa na mashine za EFD, yaani mashine za kielektroniki za kutolea risiti za kodi, kwa kuwa nyingi huonyesha kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18.

Swali la kuuliza ni hili: ikiwa jumla iliyolipwa, kodi ikiwemo, ni shilingi 59,000, kodi yenyewe ni kiasi gani? Wengi watakimbilia kutafuta asilimia 18 ya 59,000 na kupata 10,620. Wasisahihishwe haraka. Waambiwe waitoe kodi hiyo kwenye jumla, wabaki na 48,380, kisha watafute asilimia 18 ya kiasi hicho, watapata 8,708.40, na kutofautiana kwa majibu hayo mawili ndiko kutakakowafanya watambue wenyewe kwamba 59,000 si asilimia 100, bali ni asilimia 118 ya bei ya awali. Hapo watagawanya kwa 118, wapate 500, na kuzidisha kwa 18: kodi ni 9,000.

Risiti zisizo na VAT zisitupwe, kwani kuuliza kwa nini hazina (pengine muuzaji hajasajiliwa, pengine bidhaa imesamehewa kodi) huzaa mjadala ambao mazoezi ya kitabuni huufikia kwa nadra. Kwa mwalimu wa Kenya, namba za kutumia ni 16 na 116.