Kabla hujaagiza vitabu vya michezo ya kuigiza mezani

Nauza vitabu na dadu za michezo hii, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika na dadu huamua matokeo, kibandani kwangu Sinza, na swali halikauki: kati ya michezo miwili mikubwa, upi unaongoza sokoni, Dungeons & Dragons au Pathfinder? Usikimbilie kujibu. Uliza kwanza orodha ya mauzo imetoka wapi. Ile ya ICv2, tovuti ya habari za biashara ya michezo, inayonukuliwa sana Marekani, hutegemea mahojiano na wenye maduka, wasambazaji na wachapishaji. Si hesabu ya kila nakala iliyouzwa.

Kisha tazama mwaka. Wizards of the Coast, wachapishaji wa Dungeons, walipotoa toleo lake la nne mwaka 2008, wachezaji wengi walilikataa. Kampuni ya Paizo ikashika kanuni za zamani za mchezo huo, ambazo leseni huria ya Wizards ya mwaka 2000 iliruhusu wengine kuzitumia, ikatoa Pathfinder mwaka 2009, na mchezo huo ukapanda hadi kileleni mwa orodha ya ICv2. Toleo la tano la Dungeons la 2014 likarudisha kiti kwa Wizards.

Mimi humfungulia mteja kitabu, tukarusha dadu ya pande 20, tukapigana na zimwi mmoja. Akikunja uso kwenye kujumlisha, Pathfinder, yenye hesabu nyingi, simuuzii. Agiza nakala mbili tu kwanza. Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa nakala kumi. Saba zilikaa rafuni mpaka joto la Januari likalegeza gundi.