Pikipiki inalia tu haivuti? Kabla hujanunua pleti za klachi soma hapa

Umepiga mshikaki, yaani umebeba abiria zaidi ya mmoja (tusidanganyane, ndo Dar hii), unapandisha mlima wa Goba, unaongeza mafuta, injini inalia mpaka watu wanageuka, lakini chombo chenyewe kinajivuta tu kama hakitaki. Hapo mara nyingi klachi inateleza, yaani pleti zake hazishikani vizuri na nguvu ya injini haifiki yote kwenye tairi. Sasa ukienda nayo kijiweni kwa fundi kabla hujaigusa mwenyewe, jibu utakalopewa ni moja, nunua seti nzima ya pleti, na ukikutana na mwenye njaa atakwambia injini imechoka tufungue mpaka pistoni. Tulia kwanza. Zipo klachi zinazoteleza zinazopona kwa spana namba 10 na oili sahihi.

Anza kuhakikisha ni klachi kweli. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari mengi, ingiza gia ya juu, tembea kama 40 hivi halafu fungua mafuta kwa mkupuo. Mlio ukiruka juu na spidi ikachelewa kufuata, ni klachi. Mlio nao ukibaki umekaba haupandi, hiyo ni injini haina nguvu, kaangalie plagi, kabureta, chujio la hewa, au breki ya nyuma imeshika. Na kama inashtuka shtuka na kugonga tak tak, hiyo cheni na sproketi.

Haya, waya. Shika leva ya klachi uivute taratibu kwa kidole kimoja, lazima kuwe na kauchezaji kadogo ka milimita 2 mpaka 3 pale kwenye shina la leva kabla waya haujaanza kuvuta kitu. Kama haichezi kabisa maana yake klachi inavutwa kidogo muda wote hata kama hujaigusa, pleti hazibanani sawasawa, zinateleza na kuungua. Na kitu wengi hawajui ni kwamba pleti zinavyolika ule uchezaji unapungua wenyewe, kwa hiyo hata kama ulirekebisha vizuri mwanzoni unatakiwa urudie mara kwa mara. Legeza nati ya kufungia pale kwenye leva, zungusha rekebisho (skrubu ya kukazia au kulegezea waya) mpaka ipatikane hiyo nafasi, ikigoma pale juu nenda kule chini waya unapoingilia kwenye injini, halafu kata usukani kushoto na kulia uone kama uchezaji haupotei. Ukipotea, waya umepitishwa vibaya. Waya wenye kutu nao ukiachia leva haurudi mpaka mwisho, huo badilisha tu, ni bei ndogo, usihangaike nao.

Cha pili ni oili, na hapa ndo bodaboda wengi tunajimaliza. Boxer, TVS na hizi za Kichina tunazoendesha, klachi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Ukiweka oili ya gari, hasa zile nyepesi zilizotengenezwa kuokoa mafuta, zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi bila msuguano haishiki, ndo kazi yake hiyo. Geuza kopo usome nyuma, tafuta maandishi JASO MA au MA2, ndo alama ya oili inayofaa klachi ya namna hii. Usikubali ya kupimiwa kwenye chupa ya maji eti ni ile ile. Uzito wa oili, yaani wepesi au unene wake, fuata kitabu cha pikipiki yako. Kama uliweka isiyofaa imwage, weka sahihi, tembea nayo siku kadhaa uone, zipo zinazorudi bila kufungua kitu.

Imegoma bado? Basi tunafungua. Pikipiki ipoe, mwaga oili na uinuse, ikinuka kuungua mara nyingi pleti zimeshaenda. Kifuniko cha klachi kipo upande wa kulia kwenye nyingi, itabidi utoe kiki na wakati mwingine pedali ya breki. Bolti za kifuniko hazilingani urefu, zichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio ule ule zilivyokaa. Legeza bolti za springi kidogo kidogo kwa msalaba (moja, kisha inayotazamana nayo), toa pleti moja moja huku unapiga picha na simu.

Za chuma zilaze juu ya kioo, ikicheza imepinda, ikiwa na rangi ya bluu imeungua, zote hizo tupa. Zenye msuguano linganisha unene na mpya. Springi zisimamishe pembeni ya mpya, zikiwa fupi badilisha zote siyo moja. Pitisha ukucha kwenye meno ya hausingi pleti zinapokaa, ukucha ukikwama kwenye mifereji pleti nazo zinakwama humo humo. Mfereji mdogo unasawazishwa kwa tupa ya kusugulia chuma, mkubwa hausingi ibadilishwe.

Ukienda Kariakoo kununua mpya beba pleti ya zamani mkononi, usitaje jina la pikipiki tu, meno yanatofautiana. Pleti mpya zilaze kwenye oili usiku kucha, usizifunge kavu. Panga kama kwenye picha, kaza springi kwa msalaba tena bila kutumia nguvu za kufungia tairi la fuso, bolti ni ndogo na zinaingia kwenye aluminiamu, zikikatika humo ni msiba. Weka gasketi mpya, jaza oili kwa kipimo, halafu rekebisha waya upya kabisa maana kipimo cha zamani hakifai tena. Siku za mwanzo usikalie klachi nusu nusu kwenye foleni, weka nyutro, na baada ya siku chache pima tena uchezaji wa leva, pleti zikishajikalia unabadilika.