Somo: Terminali ya zamani inapoganda au kumeza mistari ndani ya ssh

Ninaliandika mara moja ili nisilijibu tena kila wiki: terminali (skrini na kibodi vilivyounganishwa kwa kebo na kompyuta) inaganda au inapoteza mistari ukiwa ndani ya ssh, programu ya kuingia kwenye seva ya mbali. Ni kwa wa Mtwara mjini, wa Masasi na wa Lindi.

1. Bonyeza Ctrl-Q. Skrini ikiendelea, kuna mtu aliyegusa Ctrl-S, inayosimamisha maandishi.

2. Hakikisha kasi ya terminali na ya poti (tundu la kebo kwenye kompyuta) ni moja.

3. Andika `stty -a`, inayoonyesha mipangilio ya terminali, kwenye kompyuta iliyoshika kebo. Ukiona `-ixon` (yaani kompyuta haitii Ctrl-S na Ctrl-Q) kabla hujaingia ssh, andika `stty ixon`.

4. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. VT100, terminali iliyotolewa na kampuni ya DEC mwaka 1978, haidhibiti mtiririko wa herufi kwa nyaya. Ikishiba hutuma XOFF, yaani ileile Ctrl-S, na ikipata nafasi hutuma XON, yaani Ctrl-Q. Programu ya ssh, ili kila kibonyezo kifike kwenye seva kama kilivyo, huzima `ixon` upande wako, kwa hiyo XOFF husafiri hadi kwenye seva, na kabla seva haijaitii, herufi zilizokwisha kuondoka huendelea kumiminika na kupotea. Dalili zake ni mistari pungufu na vipande kama `[7m` katikati ya maandishi. Dawa ni kuweka `defflow on` katika `.screenrc` ya kompyuta yako, faili la mipangilio ya `screen` (programu inayokaa kati ya terminali na amri zako), kuendesha `screen` hapohapo, kisha kuingia ssh ndani yake, ili XOFF ishikwe karibu. Usitegemee `stty ixon` ya kwenye seva, kwa sababu XOFF itafika huko imechelewa. Wala usinakili `stty -ixon` kutoka intaneti. Ushauri huo unawafaa wenye dirisha la laptop, si wenye terminali halisi.

Masasi: Mwalimu, yangu imeganda, naomba msaada haraka.

Hatua ya 1.

Masasi: Nimebonyeza, bado.

Basi leta matokeo ya hatua ya 3, na useme kama umo ndani ya `screen`. Sioni skrini yako kutoka huku.

Lindi: Shikamoo mwalimu. Imekubali, ila Emacs, kihariri changu cha maandishi kwenye seva, haitafuti tena kwa Ctrl-S. Je, telnet, ile programu ya zamani ya kuingia seva, nayo ina tabia hii?

Marahaba, umesoma vizuri. Ctrl-S sasa inaishia njiani. Ndani ya Emacs endesha `enable-flow-control`, nayo itahamishia utafutaji kwenye Ctrl-\ na kazi ya Ctrl-Q kwenye Ctrl-^. Ukitaka kuipeleka Ctrl-S yenyewe hadi kwenye seva, bonyeza Ctrl-a kisha s ndani ya `screen`. Kuhusu telnet, RFC 1372 (waraka wa kanuni za intaneti) ya mwaka 1992 inairuhusu seva kuiagiza programu yako ishike XOFF upande wako, mradi pande zote mbili zinaufahamu utaratibu huo.

Newala: Terminali yangu ina RTS na CTS, zile nyaya za kudhibiti mtiririko.

Una bahati. Tumia `stty crtscts`, lakini kebo ya nyaya tatu haitoshi, kwani RTS na CTS zinahitaji nyaya zake.

Lindi: Na kutu kwenye pini? Huku pwani hazidumu.

Zima kwanza, uzifute kwa spiriti, uache zikauke, kisha ukaze skrubu za plagi pande zote mbili.