Swift Sport ya kila siku na ya uwanjani: anza na breki

Vijana wengi hapa Mombasa wakipata Suzuki Swift Sport, kale kagari kadogo ka kasi, hukimbilia egzosi, kisha wailaze chini. Ndugu yangu, anza na breki. Mafuta ya breki hunywa unyevu, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Yakishachoka huchemka kwenye uwanja wa mbio, pedali ikazama. Tia mafuta mapya ya daraja la DOT 4, ambayo kabla ya kuingia unyevu haichemki chini ya nyuzi 230. Toa hewa kwenye breki, gurudumu moja moja: mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea hewa, ncha yake ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzako akanyage, wewe ulegeze, ukaze kabla hajaachia. Endelea mpaka vipovu viishe, na kopo la juu la mafuta ya breki lisikauke kamwe.

Pedi nunua za kustahimili joto, si za mashindano matupu. Hizo za mashindano, asubuhi zikiwa baridi hazishiki vizuri, na foleni ya Daraja la Nyali haisubiri. Springi shusha kidogo tu, la sivyo mteremko wa feri Likoni utakula bampa.

Upepo wa matairi pima yakiwa baridi. Uwanjani yakishika moto upepo hupanda: punguza, ila jaza tena kabla ya kurudi barabarani. Injini? Oili safi na rejeta nzima. Nguvu ya kiwandani yatosha.