Jinsi ya kusoma nguvu kwenye mkutano wa kijiji, usiishie kuhesabu mikono

Kama unaenda fildi kijijini na topiki yako ni ardhi, nakuomba sana usirudi na ile sentensi ya "wananchi walishirikishwa kikamilifu". Mimi nimeshaiandika. Nilikaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nikahesabu mikono iliyonyooshwa, nikafunga daftari, kumbe eneo lililokuwa linapigiwa kura lilishaongelewa likaisha nyumbani kwa mtu mmoja siku nyingi kabla na waliokuwa wanalima pale hakuna aliyewauliza. Inaniuma mpaka leo.

Anza na kinachoonekana: nani kaongea, nani kapinga, uamuzi umeangukia upande wa nani. Ndivyo alivyofanya Robert Dahl, msomi wa siasa, kwenye utafiti wake wa New Haven, Marekani, uliotoka 1961. Lazima ufanye, ila wengi wanaishia hapo.

Alafu tafuta kisichofika mezani. 1962 wasomi wengine wawili, Peter Bachrach na Morton Baratz, walisema kinachoonekana ni uso wa kwanza tu wa nguvu, ina na uso wa pili, yaani mwenye nguvu sio anayeshinda mabishano tu, ni yule pia anayefanya mabishano yasitokee kabisa. Kwa kijijini hapa ndio kwenye kazi. Omba mihtasari ya halmashauri ya kijiji ya mwaka mzima, iombe kwa mtendaji kwa adabu na kibali chako mkononi, soma ajenda moja moja, alafu nenda kisimani, mashineni watu wanaposubiri kusaga, kijiweni kwa bodaboda, uliza watu shida zao za ardhi ni zipi, ziandike, linganisha. Shida ambayo kila mtu anaitaja kisimani na haimo kwenye muhtasari hata mmoja, hiyo usiiache. Uliza nani anapanga ajenda. Mkutano unatangazwaje? Ukiitwa saa nne asubuhi msimu wa palizi, nani anakosa? Na "mengineyo" inafikiwa saa ngapi, watu wakiwa wameshaanza kuondoka?

Sasa ile ngumu. Steven Lukes, msomi mwingine wa siasa, 1974 aliongeza uso wa tatu: nguvu inayomfanya mtu aone hali yake ndio kawaida, hana hata cha kulalamikia. Mjane anakwambia "ardhi ya ukoo hii, mimi mpitaji tu". Nenda taratibu, usikimbilie kuandika kwamba mama wa watu amejazwa ujinga. Mtafiti James Scott alikaa na wakulima wa mpunga Malaysia akaona masikini wanaoitikia mbele ya matajiri, wakiwa wenyewe kwa wenyewe wanasema mengine kabisa. So rudi kwa huyo mama mara ya pili na ya tatu, bila mwenyekiti, bila shemeji yake kukaa mlangoni. Akikataa kuongea muache, manake wewe utapanda basi na yeye anabaki pale.

Na "mila ndivyo ilivyo" usiichukue kama jibu la mwisho. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, mtu wa ukoo akampeleka mahakamani kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza, na 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, akaamua mwanamke anaweza kuuza kama mwanaume. Uliza kijijini kwako wangapi wameshaisikia hiyo kesi.

Kingine, usiandike "wanawake" kwa mkupuo. Kimberlé Crenshaw, msomi wa sheria wa Marekani, 1989 aliichambua kesi ya wanawake weusi walioishtaki General Motors, kampuni ya magari ya hukohuko: kampuni ilikuwa inaajiri wanawake, ila weupe, mahakama ikasema basi ubaguzi wa jinsia haupo, na ikakataa kuangalia weusi na uanamke wao kwa pamoja. Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji, lile la kusuluhisha migogoro ya ardhi, liwe na watu 7, wanawake 3. Usiwahesabu watatu ukaridhika. Ni kina nani hao? Kuna mjane? Kuna aliyeolewa kutoka mbali, au wa familia ya wafugaji, au wote wana undugu na viongozi?

Kabla hujaondoka, ile orodha ya shida ambazo hazimo kwenye ajenda wasomee waliokupa, palepale kisimani, bila kutaja jina la mtu, na wakisema hapa umekosea, futa andika upya.