Kumeza methotreksati ya baridi yabisi kwa usalama

Dawa hii humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Chagua siku, tuseme Jumatatu, uiandike kwenye boksi kwa kalamu nzito. Ukiimeza kila siku, uboho hushindwa kutengeneza damu. Vidonda mdomoni huwa dalili ya mapema, na watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Soma nguvu ya kidonge: miligramu 15 ni vidonge 6 vya miligramu 2.5, lakini vipo pia vya 10. Foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hii, meza siku nyingine, kama daktari alivyoandika. Usichanganye methotreksati na Septrin (antibiotiki) kamwe. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12, kwa hiyo usiiache wiki ya tatu. Pima damu, ini na figo kila ulipopangiwa. Ukipata homa au ukihisi una mimba, usimeze dozi inayofuata. Mwone daktari siku hiyohiyo.